Chupa za Mtihani

Kwa furaha kubwa, Ofisi ya Vyeti vya Maabara iliyoko Biharwe ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu hakuna maji yatakayokuwa machafu bila idhini. Maabara isiyo na cheti ikiona uchafu, uchafu huo utahesabiwa kuwa haujaonekana.

Jambo la busara. Huko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Marcienne, mkimbizi wa Burundi aliyepima maji katika chumba cha mabati, alikuwa ameona uchafu wiki tatu mfululizo bila adabu yoyote. Tangi la mtaa wao lilikuwa na kinyesi, watoto waliharisha, na yeye alitaka lifungwe lisafishwe. Lakini bila cheti neno lake halikuwa na uzito. Akameza hasira, akaenda Biharwe kukiomba.

Mkuu wa ofisi, Bwana Meddy, alimpokea kwa moyo mkunjufu na fomu kumi na nne. Kisha akampa mtihani: chupa mbili zilizofungwa kwa lakiri, A na B. Moja ilikuwa safi, nyingine chafu, na ofisi pekee ndiyo iliyojua ipi ni ipi.

Baada ya siku tatu Marcienne alirudi na majibu.

"Yote mbili iko mubaya, shefu. Iko na mavi ndani."

Meddy alimhurumia waziwazi, akamwita bibi kwa lugha ya kwao. "Nyabo, umeanguka mtihani. A tulichota kwa mtaro, sawa. Lakini B nilijaza mimi mwenyewe, kwa tanki ya ofisi. Hiyo maji ni safi kabisa. Mimi nakunywa kila siku."

Akajimiminia glasi ya maji hayo ya tangi, akainywa yote mbele yake, kwa heshima ya taifa.

"Na tumbo, shefu? Iko namna gani?"

Tumbo lilijibu lenyewe, kwa sauti iliyomfikia karani wa ofisi, Babra, aliyekuwa chumba cha pili.

"Sebo, wiki nzima hii ofisi yote tunapanga laini kwa choo," Babra alimwambia mkuu wake kwa heshima, akiingia.

Uso wa mkuu ulibadilika. "Funga hiyo tanki! Sasa hivi!"

Babra, mtumishi mwaminifu, alifungua kitabu cha kanuni alichokiandika mkuu mwenyewe. "Haiwezekani, sebo. Tanki haifungwi bila majibu ya maabara yenye cheti. Na yenye cheti bado hakuna. Huyu nyabo ndiye wa kwanza kuomba."

"Mpe!" Meddy alikuwa mlangoni, mkanda mkononi.

"Ameanguka mtihani, sebo."

"Amepita!" ilisikika kutoka kwenye korido.

Babra alikipitisha cheti chini ya mlango wa choo. Kikarudi na sahihi, imepinda kidogo.

Marcienne aliketi palepale akaandika majibu ya kwanza ya maabara yenye cheti: tangi la mtaa wake, Nakivale, lifungwe leo. Alipiga muhuri kwa nguvu iliyotosha kwa wiki zote tatu.

"Na ya ofisi?" sauti dhaifu iliuliza kutoka chooni.

"Ofisi ijaze fomu, shefu," Marcienne alisema, akichukua mkoba wake. "Iko kumi na ine."