Nafasi ya Thelathini na Saba

Halvorsby, Wisconsin
Jumanne, 8 Oktoba

Kwa Bi. Arlene Tollefsrud,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: KUPORWA KWA NAFASI YA THELATHINI NA SABA, NA YALIYOFUATA

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba goti lako linapata nafuu tangu ulipoteleza pale kwenye ngazi za kanisa. Mimi ni Verlyn Dahlquist, fundi wa mashine za kukamulia maziwa, mlipa kodi, na baba wa Britt, mwenye miaka kumi na sita, mkimbiaji wa mbio za nyika katika shule yetu. Hii ni barua yangu ya pili kwenu. Ile ya kwanza mliifanyia kazi haraka mno, na hilo nalo ni sehemu ya malalamiko yangu.

1. Tarehe 14 Septemba, katika mashindano ya shule nane, Britt alimaliza wa thelathini na nane kati ya wasichana sitini na mmoja. Wa thelathini na saba alikuwa Corinne Pfaff, wa timu yetu hiyo hiyo. Corinne, kama mji mzima unavyojua, alipozaliwa aliandikwa mvulana, na tangu darasa la nne anaishi kama msichana. Mimi binafsi sina neno naye. Ni mtoto mwenye adabu. Siku ile ile alinisaidia kukunja kiti changu. Lakini haki ni haki. Mwanangu alinyang'anywa nafasi ya thelathini na saba mchana kweupe, mbele ya bibi yake aliyesafiri kutoka La Crosse.

2. Nilimfuata Kocha Boettcher nikamweleza uchungu wangu. Alinijibu hivi, na nanukuu: "Verlyn, swali la haki lipo kweli. Huko juu wanakogombea medali na nafasi za vyuo, watu wenye akili na nia njema wanavutana, na mimi mwenyewe sina jibu. Lakini wewe hukuja na swali. Umekuja na nafasi ya thelathini na saba." Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba aliyasema hayo huku akitafuna soseji.

3. Ndipo nikaandika ile barua ya kwanza, nikapendekeza msichana yeyote asikimbie mpaka akaguliwe. Sikubuni jambo geni. Kwenye maonyesho ya mifugo ya kaunti, hakuna mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, anayeingia uwanjani bila karatasi zake na jicho la daktari, na sijawahi kusikia mtamba akilalamika. Britt aliposoma nakala aliniambia, "Baba, mimi si mtamba." Nikamweleza kwamba ule ni mfano tu. Akasema, "Basi tafuta mfano usiokamuliwa." Tangu siku hiyo anakula chumbani kwake.

4. Bodi yako ikapitisha kanuni: mzazi yeyote anayemtilia shaka msichana yeyote ajaze fomu, na msichana huyo alete cheti cha kuzaliwa pamoja na barua ya daktari. Corinne hakungoja fomu. Aliirudisha jezi yake ikiwa imefuliwa na kukunjwa, akaacha timu. Nilitarajia kwamba sasa mambo yatanyooka. Katika mashindano yaliyofuata Britt alimaliza wa arobaini na moja. Jambo hili bado nalichunguza.

5. Fomu ya kwanza kujazwa ilimhusu Hadley Krueger. Huyu, Mheshimiwa, ndiye bingwa wetu. Ana mabega mapana kwa sababu anabeba ndoo za maziwa tangu akiwa na miaka sita. Nimemwona kwa macho yangu nikitengeneza mashine za baba yake. Mzazi mmoja wa shule jirani aliandika: "Msichana gani anakimbia hivi?" Hadley akajifungia katika chumba cha kubadilishia nguo, akalia hata mazoezi yakaisha. Mama yake alikuja kikaoni na cheti, picha za ubatizo na kofia ya uchanga, akapiga meza: "Mnataka nini tena? Nimlete na mkunga?" Kisha akamtoa mtoto kwenye timu.

6. Fomu ya pili ilimhusu Britt.

Naomba usome tena sentensi hiyo. Britt wangu! Sababu zilizoandikwa ni tatu: sauti nzito, vinyweleo juu ya mdomo, na nywele fupi. Sauti ameirithi kwa mama yake. Wanawake wa ukoo ule wameimba besi kanisani vizazi vitatu na hakuna mchungaji aliyewajazia fomu. Vinyweleo ni vya upande wangu. Nywele alizikata mwenyewe wiki ile alipoacha kula nasi, na sikuthubutu kuuliza.

Nikaitwa ofisini. Muuguzi wa shule akaniuliza kwa upole, mlango ukiwa umefungwa, "Bwana Dahlquist, kuna lolote ungependa kutuambia kuhusu Britt?" Sijawahi kuaibishwa namna ile. Nikamwambia, "Mama, namjua mwanangu." Akaandika. Kisha akasema kwamba mama yake Corinne aliketi kwenye kiti kile kile akasema maneno yale yale. Sioni uhusiano.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, Britt aliniuliza, "Walipokuuliza, ulisita?" Nikasema la. Kusema kweli nilisita kidogo, kwa mshangao tu. Aligeukia dirishani akatazama mashamba ya mahindi mpaka tukafika. Mheshimiwa, mahindi yameshavunwa. Hakuna cha kutazama kule.

7. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kanuni ibaki kama ilivyo, maana ni ya haki. Lakini isimguse Britt. Wala Hadley, ambaye pointi zake tunazihitaji. Wala msichana mwingine yeyote ambaye wazazi wake wanamjua. Na mzazi anayejaza fomu akaguliwe yeye kwanza, azungushwe uwanja mara mbili huku akipimwa kwa saa, tujue anaelewa kukimbia ni nini. Nimepiga hesabu: kwa marekebisho haya hatabaki msichana hata mmoja wa kukaguliwa, na huo nauona kuwa ushindi mkubwa wa kanuni yenyewe.

Nakushukuru kwa utumishi wako. Msalimie Bwana Tollefsrud, wajumbe wote wa Bodi, karani wa masjala, na yule muuguzi pia, ingawa kwake salamu ziwe fupi.

Wako katika kutetea haki,
Verlyn Dahlquist

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha Kocha Boettcher aliponipigia simu. Jumamosi ni mashindano ya wilaya. Timu haihesabiwi bila wakimbiaji watano, nasi tumebaki na wanne. Basi nikaenda kuwaomba walioacha warudi. Kwa kina Krueger mlango haukufunguliwa. Kwa kina Pfaff alifungua baba mtu, akasimama pale pale kizingitini. "Umekuja kumkagua?" Nikasema hapana, nimekuja kumwomba akimbie. Corinne alikuwa nyuma yake. Akaniuliza, "Britt anajua uko hapa?" Nikamwambia yumo garini, tena yeye ndiye aliyenileta. Akapita ubavuni pangu bila viatu, akaingia garini, wakaongea karibu saa nzima. Mimi na Bwana Pfaff tulisimama barazani tukizungumzia mvua.

Corinne atakimbia iwapo fomu zitafutwa. Basi naomba zifutwe, zote, kabla ya Jumamosi, na iandikwe kwamba aliyeomba ni mimi.

Nilitaka kuichana barua hii niandike nyingine. Britt amekataa. Amesema niitume kama ilivyo, ikae kwenye faili.