Fimbo Yangu ya Popo Imenizamisha Kasulo

Leo nimeaibika. Mchana kweupe, mbele ya nusu ya mtaa wetu wa Kasulo.

Mnajua nimetengeneza fimbo ya wasioona. Inafanya kama popo: inatoa sauti ambayo sikio la mtu halisikii, inangoja mwangwi, inapima umbali hadi ardhini. Ardhi ikikatika ghafla, inatetemeka mkononi. Kwetu watu wamechimba kobalti hadi chini ya vitanda vyao, kwa hiyo fimbo isiyojua shimo ni kuni tu. (Hilo nililifikiria. Msinidharau mapema.)

Nikampelekea Tata Kabwe, mzee jirani yetu asiyeona. Anataka kwenda misa peke yake, bila kushikwa mkono kama mtoto. Akaipapasa, akanirudishia.

"Tembea nayo kwanza weye. Funga macho."

Nikajifunga kitambaa. Majirani wakatoka. Tata akatembea kando yangu, akigonga chini kwa mkongojo wake wa zamani. Shimo la kwanza, fimbo ikatetemeka, nikalizunguka. La pili, vilevile. Makofi! (Nikainama kama waziri.)

Mara Tata akasimama. Akagonga mara mbili.

"Simama, mutoto. Apa chini hakuna kitu."

"Fimbo imetulia, Tata. Weye unabahatisha. Preuve iko wapi? Ushahidi?"

(Chuo kikuu kilinifundisha kuhoji kila kitu. Kila kitu cha wengine.)

Nikapiga hatua.

Lilikuwa turubai! Mwenye shimo alikuwa amelikaza kama ngozi ya ngoma, mvua isiingie. Mwangwi ulirudi safi kabisa: ardhi. Nikashuka na turubai lake. Bahati yangu shimo lilikuwa limefukiwa nusu. Maji mekundu yakaishia kifuani. Hapo ndipo fimbo ikaanza kutetemeka. (Asante sana.)

Juu, mkongojo ukagonga ukingoni. Kisha sauti ya Tata:

"Ile preuve, umeiona?"

Mtaa ukalipuka kwa kicheko.

"Na popo yako inarukaka," akaendelea. "Shimo itaifanya nini? Weye uko na miguu!"

Miaka mitano ya chuo, hakuna profesa aliyeniuliza hilo. Mimi, bingwa wa maswali, sikujiuliza pia.

Wamenivuta kwa kamba. Tata ameenda zake, akigonga. Naombeni msicheke: fimbo niliitengeneza ili Tata asianguke, na kweli, Tata hakuanguka.