Boti ya Kamanga Isiyoitikia Salamu

Leo nimevuliwa nguo mbele za watu, na nguo zangu zote nilikuwa nimezivaa.

Mnanijua. Nikikaa kimya kwa muda wa kuchemsha chai, kichwa kinaniuma. (Mke wangu anasema nikilala naongea, nikiamka naendelea.)

Asubuhi nilikuwa nakwenda kumwona kaka yangu kwenye kijiji chao cha ujamaa, ng'ambo ya ziwa, huko Kamanga. Ukungu ulifunika ziwa, hata pua ya boti haionekani. Nikarukia ndani wa mwisho, nikapapasa pa kukaa, nikakuta mzigo mrefu umefunikwa shuka jeupe. Nikakaa.

"Habari za asubuhi, ndugu zangu?"

Kimya.

Nikasema labda ni Wasukuma watupu. "Mwangaluka!" Hakuna aliyegeuka. Nyuso zilitokea kwenye ukungu, zikapotea tena. Zilinitazama, lakini si machoni. Chini kidogo.

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaanza vichekesho. Nikaupiga mzigo makofi: "Huyu amelala kuliko mjumbe wetu wa nyumba kumi mkutanoni." Mtu mmoja akaziba mdomo kwa kiganja. Basi.

Katikati ya ziwa injini ikazimika. Maji hayakutoa sauti. Ubaridi ukanipanda kutoka kwenye ule mzigo. Nikakumbuka kwamba wakati wa kurukia boti mguu wangu uliteleza. Je, niliangukia botini, au niliangukia majini? Nikatafuta mapigo ya moyo shingoni. Sikuyapata. (Nilikuwa napapasa kola.)

Nikamshika mkono mama mmoja mtu mzima aliyekaa jirani.

"Shikamoo, mama. Unaniona?"

"Marahaba. Nakuona, baba."

"Kwa hiyo sijafa?"

"Wewe hujafa. Aliyekufa ni mume wangu. Umemkalia."

Sijui nilisimamaje. Najua nilisimama juu ya miguu ya watu wengine.

"Tulidhani wewe ni mtani," mama akaendelea, taratibu. "Nikawakataza wasikujibu. Mtani akijibiwa msibani hanyamazi."

"Mimi si mtani, mama. Mimi ndivyo nilivyo."

Boti nzima ikacheka. Mjane naye akacheka mpaka akajifunika khanga usoni, na chini ya khanga kicheko kikageuka kilio. Injini ilipowaka, akanivuta shati. "Watani wetu hawakutokea, na kuzika ni kazi yao. Twende ukatuzikie."

Ningekataaje? Makaburini wakanipisha mbele, wakasubiri niseme. Nikafumbua mdomo. Hakikutoka kitu, hata pole. Nikachukua koleo, nikafukia na wenzangu mpaka mwisho.

Kaka sijamwona. Nimerudi na jogoo niliyepewa kwa utani ambao sikujua naufanya. Jioni hii tunamchinja, karibuni. Ila atakayecheka atakula ugali mkavu.