Mashini Isiyojua Kukataa

Joël Muhindo alikuwa amesimama katika soko la Kasongo, akitafuna muhogo wa kuchoma alioununua mtu mwingine, alipoona pesa ikiondoka bila kuaga.

Mgeni mmoja kutoka Kinshasa, mama mwenye viatu vyeupe visivyojua matope, alikuwa ameshika vitenge vitatu kwenye meza ya Mama Séraphine. "Munapokea kadi?" akauliza. Séraphine akamjibu kwamba hapa wanapokea pesa. Mgeni akaviweka chini, akapanda gari, akaenda zake. Séraphine akalisindikiza gari lile kwa macho kama anayesindikiza jeneza.

Joël akapangusa midomo. Kijana huyu wa Butembo alikuwa amezunguka machimbo yote ya dhahabu bila kushika sepetu hata mara moja, kwa kuwa mikono yake, kwa maoni yake, iliumbwa kwa kazi za ofisini. Mfukoni alikuwa na mashini ya kulipia kwa kadi, iliyotoka katika hoteli moja iliyofungwa Bukavu. Fundi mmoja alikuwa ameichezea mpaka ikabaki na jibu moja tu. Ukichomeka kadi, inalia bip, inatoa karatasi: ACCEPTÉ, yaani imekubaliwa. Mashini yenye moyo mwema kuliko hiyo haijapata kutokea.

"Mama," akasema kwa huzuni, "nimeumia kuona vile. Mimi niko ajenti wa mashini za kadi. Hii naweza kukuachia bure."

"Bure?" Séraphine hakuwa mtu wa kuliogopa neno hilo.

"Bure kabisa. Na muteja wako wa kwanza ni mimi. Nipe vitenge ishirini, ninavipeleka Kabambare kwa wake za wachimbaji."

Kitenge kimoja kiliuzwa dola kumi. Séraphine akaitazama mashini, akamtazama Joël. "Kwa kadi ni ishirini. Mashini inachosha."

"Inamuchosha nani, Mama?"

"Mimi."

Joël alibishana naye mpaka kumi na nane, kwa heshima ya kazi tu, maana hata angetajiwa mia angelipa kwa moyo mkunjufu. Akachomeka kadi yake. Bip! Papa Hippolyte, shefu wa soko, akavaa miwani, akasoma karatasi kwa sauti ya kanisani: "Accepté!" Akina mama wakapiga vigelegele.

"Pesa itaingia kwa simu yako kisha siku tatu, sababu ya rezo, mutandao uko polepole," Joël akasema. "Lakini usiogope. Hii mashini haijui uongo."

Alikuwa akifunga mzigo kwenye pikipiki yake, aliposikia sauti ya Séraphine nyuma yake.

"Mutoto wangu, hii pikipiki ni bei gani?"

Joël akacheka. "Ukiwa na dola elfu moja, Mama, ni yako sasa hivi!"

"Mumesikia?" Séraphine akawauliza majirani. Wote walikuwa wamesikia. Akafungua pindo la kitambaa, akatoa kadi yake ya kura.

"Mama, hiyo iko ya kupigia kura! Haina pesa!"

"Tuulize mashini."

Bip! Papa Hippolyte akasoma, akafuta miwani, akasoma tena. "Accepté," akasema, na yeye mwenyewe akashangaa. Vigelegele vikapanda hadi msikitini.

Séraphine akamsogelea Joël na kunena chini kwa chini, kwa upole wa mama mkwe. "Wakati ulikuwa unafunga muzigo, nilitaka kujua inakatalia namna gani. Nikaweka kadi ya kura, ikakubali. Nikaweka kadi ya chanjo ya mujukuu, ikakubali. Sasa, tuambie watu mashini iko muongo? Hata polisi iko pale, anakula."

Kweli alikuwepo, na sahani yake ilikaribia kuisha.

"Aksanti kwa kununua," Joël akasema, akatoa ufunguo.

Wakati huo mstari ulikuwa umeshaanza kuundwa mbele ya meza, kila mtu na kadi yake ya kura mkononi. Séraphine akaifunika mashini kwa kitambaa. "Rezo imekatika!" akatangaza.

Joël akaona Kasongo imemtosha. Lakini kwenye pikipiki alikuwa ameshakaa Sumaili, shemeji wa Séraphine, akijaribu honi.

"Nipeleke Kabambare, kaka. Nitalipa kwa kadi," Joël akamwambia.

"Kadi ni ya dukani. Barabarani ni franga mukononi."

Franga Joël hakuwa nazo. Basi, badala ya nauli, vitenge vikaanza kurudi mezani, kimoja kimoja, mpaka Sumaili aliporidhika. Na Sumaili alikuwa mtu mgumu wa kuridhika. Kikabaki kimoja tu, chenye picha za kuku.

Kabla ya Kabambare barabara iligeuka uji. Gurudumu likazama. "Abiria anashuka," Sumaili akasema, naye hakushuka. Joël akajifunga kitenge kiunoni, akaingia matopeni hadi magotini, akasukuma kwa ile mikono ya ofisini.

"Pikipiki nzuri sana hii!" Sumaili akapaza sauti, akizungusha mkono wa mafuta. "Wewe uliipata wapi?"

Joël akafungua mdomo kujibu. Gurudumu la nyuma likazunguka, matope yakamjaa mpaka kooni.