Papel ya Mama Mdogo

Leo nimejiaibisha mbele ya watu sita, tena kwa ufasaha mkubwa.

Kwanza, msingi wa jambo. Mama mdogo wangu, Sifa, ni mwigizaji. Ndiye yule mama mkwe mwenye gubu katika tamthilia inayopendwa hapa Palma, Msumbiji, kuliko taarifa ya habari. Mkataba wake unasema atacheza hadi mwisho wa msimu. Mara televisheni ikaleta hadithi mpya: mama mkwe atumbukie kisimani, afe, basi! Mama mdogo akagoma, akarudi kwao Quionga kupalilia muhogo wake. Baada ya mvutano wakamtumia karatasi ya mapatano. Akaitia saini, wao bado.

Asubuhi ukaingia ujumbe wa Kireno: mama aje Palma saa nne, arudishe papel.

Sasa, kwa Kireno, papel ni karatasi. Papel hiyo hiyo ni nafasi ya mwigizaji katika mchezo. (Tasnifu yangu ya uzamili inahusu maneno ya namna hii hasa. Msicheke bado.)

"Si wanataka karatasi yao tu?" akauliza mama mdogo.

"Mama mdogo, wewe unaona karatasi. Mimi naona mtego."

"Mtego wa nini, wa panya?"

Nikamfafanulia kwa nusu saa kwamba wanamnyang'anya nafasi yake. Na kwa kuwa nilikwisha kuthibitisha kwamba karatasi haihusiki, nikageuza ile iliyokuwa karibu, ambayo nyuma ilikuwa tupu, nikaandika humo muhtasari wa hotuba yangu. (Siwezi kutetea haki bila muhtasari.)

Saa nne tukaingia chumba cha mikutano cha nyumba ya wageni. Mwakilishi wa televisheni, Bwana Atanasio, aliyekaa na wenzake, akatusalimu kwa Kireno, akauliza kwa upole:

"Mmekuja na papel?"

Nikasimama. (Hakuna aliyeniambia nisimame.)

"Papel haitoki!" nikanguruma, kwa Kireno nilichokinoa njia nzima. "Papel hii ni jasho la mwanamke! Papel hii ni heshima ya Quionga! Tuzikeni nayo!"

Nikapiga kifua. Nikanyamaza, nikawatazama machoni mmoja mmoja. Mama mdogo alikuwa akinivuta shati.

"Mwanangu, kaa."

Bwana Atanasio akakohoa. Kisha akasema kwa Kiswahili safi, kumbe amekulia Mtwara:

"Ndugu yangu, tunaitaka ili na sisi tutie saini. Mkurugenzi amekubali. Mama mkwe haingii tena kisimani."

Mama mkwe yu hai! Mama mdogo akapiga vigelegele hadi mpishi akachungulia. Mimi nilibaki nimesimama. Sikujua mtu aliyesimama namna ile hukaaje.

Mama mdogo akachomoa karatasi mkononi mwangu, akampa. Bwana Atanasio akaikagua saini, akaridhika. Halafu, jamani, akaigeuza.

"Simama ghafla," akasoma kwa sauti. "Piga kifua. Nyamaza kidogo, uwatazame machoni." Akanitazama machoni. "Hapa, ikiwezekana, lia."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mpishi ilibidi ashike mlango.

"Hapo pa kulia hakufika," mama mdogo akaeleza. "Nilimvuta shati mapema."

Wakatia saini hivyo hivyo. Maelekezo yangu ya kulia sasa yamo katika faili la televisheni, mgongoni mwa mapatano halali.

Na dakika hii simu imelia. Ni Bwana Atanasio, ananitania kwa cheo cha wasomi: "Dotori, papel yako iko tayari. Njoo uichukue."

Huenda ni nakala ya mapatano. Huenda ni nafasi ya wakili anayeshindwa kila kesi. Nina hoja tatu kwa kila upande, zote madhubuti.

Simu nimempa mama mdogo atafsiri.