Kuhusu Fundi Kesho, na Mke Wangu Aliyeshika Mwiko

Ndugu Afisa wa Majengo,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi. Mimi ni kinyozi wa kona ya soko, yule mwenye kiti kinachozunguka upande mmoja tu. Sina kawaida ya kusumbua ofisi za watu, lakini maji yamenifika shingoni, na sasa yamechanganywa na saruji.

Mimi na mke wangu, ambaye ni mshonaji, tulinunua nyumba isiyokwisha. Mwenye nyumba alikuwa anahama, na fundi aliyekuwa akiijenga akatuahidi kuimalizia. Kila tukimuuliza anajibu, "Kesho asubuhi, mzee, nikiamka tu." Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Fundi Kesho. Siku moja kesho ikafika kweli, yeye hakufika. Alituachia chumba kimoja chenye bati, baadhi ya kuta nyingine zimeishia kifuani, na karai lenye vifaa vyake: mwiko, timazi ya kunyooshea ukuta na pimamaji ya kujua kama kitu kimelala sawa. Naomba ofisi yako imsake na kumrudisha, kwa sababu hizi:

1. Nyumba yenyewe ni kichekesho. Chooni alitoa dirisha pana linalotazama barabara. Sebuleni hakutoa hata tundu. Ngazi ilipanda vizuri, ikakata kona, ikaishia hewani. Mama yangu mzazi, tunayeishi naye, hupanda hadi juu kabisa na kukaa hapo akizungumza na majirani. Habari zote za mtaa anazo yeye. Chakula sasa tunampandishia.

2. Mke wangu alilitazama lile karai siku kadhaa, kisha akasema, "Baba watoto, ukuta si kama gauni tu? Unapima, unanyoosha, unaunga." Nilicheka mpaka nikauegemea ukuta. Ukuta ukaanguka. Basi akapata pa kuanzia.

3. Mwanamke niliyemuoa nilimjua kwa mwiko wa jikoni. Huu wa saruji nilidhani kwake ni mwiko kweli kweli. Sasa akitoka kwenye cherehani anapanda jukwaa la ujenzi, na kuta zake zimenyooka, siwezi kusema uongo. Balaa ni pimamaji. Ameshapima kitanda, meza, na kabati la vyombo. Tulipomtembelea dada yangu, alipima kochi huku mume wa dada amelikalia, akamwambia kwa upole, "Shemeji, umelalia kushoto." Hatujaalikwa tena.

4. Habari zimeenea. Mama wa duka alikuja kuomba anyooshewe ukuta mmoja, akanyooshewa. Akafuata fundi viatu. Siku hizi wanakuja hata nisiowajua, kila mtu na ukuta wake uliopinda. Juzi bibi harusi alifuata gauni lake, akamkuta mshonaji ana tope hadi viwikoni. Aliondoka bila gauni, lakini ameahidiwa kujengewa jiko.

5. Hapa ndipo pananiuma. Fundi hakosi msaidizi, na msaidizi ni mimi. Nachekecha mchanga, nakoroga, nabeba. Mama naye yuko juu ya ngazi anasimamia: "Ongeza maji, mwanangu, hiyo imekauka!" Mikono yangu imekuwa msasa. Mwalimu mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, nilimpapasa kichwa kuona kama nywele zimelingana. Aliruka kitini akidhani nimembadilishia wembe. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hawakusema kwamba atabeba tofali.

6. Jana mke wangu alitazama mahali ngazi inapoishia, akasema, "Hii haikukosewa. Hii inataka ghorofa." Mama alipiga makofi. Mimi nilikaa chini, juu ya mchanga mbichi.

Kwa hayo yote, naomba Fundi Kesho arudishwe amalize alichoanza, mke wangu arudi kwenye cherehani, mama ashuke, na vichwa vya wateja wangu vipate amani. Asipopatikana, naomba itungwe sheria kwamba mtu asiuziwe pimamaji kama ameolewa na kinyozi.

Nisalimie wote hapo ofisini: karani wa dirishani, dereva wako, na yule mlinzi anayefuga ndevu bila ushauri wa mtaalamu.

Ni mimi, kwa heshima na vumbi,
Kinyozi wa kona ya soko.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Fundi Kesho amekuja mwenyewe leo asubuhi kufuata vifaa vyake. Mke wangu hakumgombeza. Alimwonyesha rundo la mchanga, akasema, "Anzia pale." Fundi akavua shati, akaanza. Mimi nimeambiwa nipumzike, kwa hiyo nimepumzika tangu asubuhi, na sijui niweke wapi mikono yangu. Saruji anayokoroga fundi ni nyepesi mno, na maneno yake ni mengi. Halafu hajui kwamba mke wangu akifika kwenye kona hanyanyui macho. Ananyoosha mkono tu, na tofali linatakiwa liwe pale. Nimemwona akiunyoosha mara mbili, ukabaki mtupu, akageuka kunitafuta. Ndugu Afisa, nakuomba uje umwondoe mtu huyu upesi. Kazi ile ina mwenyewe.