Makosa Yangu Si Mapambo ya Ukuta Wenu

Verna Dombrowiak,
Barabara ya 22 Mashariki,
Erie, Pennsylvania.
14 Machi 1989

Mhariri,
Jarida la Kadi na Kasoro,
Erie.

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA WANACHAMA WENU WANAOABUDU MAKOSA, NA OMBI LA KURUDISHIWA MAKOSA YANGU

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, umezungukwa na vitu vibovu uvipendavyo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa sakafu ya jikoni, ambayo nitaieleza mahali pake.

Kwa wasomaji wako wasionijua: kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha chapa cha Bwana Kessler, hapa hapa mjini, kilichochapa kadi za besiboli za kutiwa ndani ya pakiti za chingamu. Nilisoma kila karatasi ya majaribio kabla mtambo haujawashwa. Jina la mchezaji, timu yake, tarehe ya kuzaliwa, mkono anaorushia. Nikiona kosa, nalizungushia wino mwekundu. Nisipoliona, linatoka kwenye kadi laki moja. Watoto walizibana kadi hizo kwenye spoki za baiskeli ili zilie kama pikipiki, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunidai herufi iliyopotea. Kiwanda kilipofungwa nilidhani makosa yangu yamezikwa nacho. Kumbe mlikuwa mnanoa majembe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Husemwa kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kulirudia. Ninyi mmeongeza daraja la tatu: kulitia kwenye fremu. Mwanachama mashuhuri wa chama chenu cha kukusanya kadi zenye makosa, Dkt. Everett Ostrander, daktari wa meno, ana kadi ya mrushaji ambaye wino mweusi ulimkosa, akabaki kama mzimu mwenye kofia. Ana nyingine ya mdakaji ambaye, kwa mujibu wa mgongo wa kadi, alizaliwa mwaka mmoja baada ya kuanza kucheza. Daktari huzishika kwa kikoleo, si kile kile, namwomba Mungu, anachokitia vinywani mwa watu. Mchezaji akidondosha mpira uwanja mzima humzomea, na kosa lake huandikwa kwenye ubao mbele ya mama yake. Msahihishaji akidondosha herufi, mnapiga foleni. Huu ni mchezo wa namna gani?

2. Mwezi Oktoba daktari huyo alifika kwangu pamoja na mwenyekiti wenu, Bwana Lyle Trumbull, dereva mstaafu wa basi la shule. Walikuwa wamesikia kwamba wafanyakazi wa Kessler tulibeba nyumbani karatasi zilizoharibika na vipande vilivyokatwa pembeni. Ni kweli. Dada yangu Hedwig, ninayeishi naye, alivitandika chini ya zulia la plastiki jikoni kuzuia baridi. Mimi nilitaka kuwafungia mlango. Hedwig akawakaribisha, kwa sababu walikuja na keki.

Keki haikumaliza hata kukatwa. Daktari alikuwa amekwisha piga magoti na kisu cha kukwangulia rangi.

"Mama Verna," akaniambia kutoka chini, "unajua umekuwa ukikanyaga nini miaka yote hii?"

"Nakanyaga jikoni kwangu," nikamjibu. "Na wewe umekanyaga viazi vyangu."

Alibandua zulia kuanzia mlangoni mpaka kwenye jiko. Mwishowe akainua kipande cha ukubwa wa kucha. Kilikuwa na sikio, Ndugu Mhariri. Sikio moja na ukingo wa kofia. Daktari alitokwa na machozi, na Bwana Trumbull akavua kofia yake kama yuko msibani.

"Huyu anarushia kushoto," akanong'ona Bwana Trumbull. "Litazame hilo sikio."

"Sikio halina mkono, Lyle!"

"Wewe jua meno, niachie mimi masikio!"

Walibishana nusu saa. Kisha wakaondoka na sikio lao, wakatuachia sakafu ikiwa imebenuka kama ulimi wa ng'ombe. Siku ya tatu Hedwig alijikwaa akaanguka na sufuria ya supu ya kabichi. Goti lake lilivimba hadi Krismasi. Nilimpigia simu daktari kumweleza. Akauliza kama kuna kipande kingine kilichochomoza.

3. Hili ndilo linaloniuma, na nitalieleza taratibu. Mwezi uliopita niliandikiwa kwamba chama kinataka kuniheshimu kwa "mchango wangu kwenye kadi". Nilifurahi. Sina haja ya kuficha. Tangu nistaafu hakuna aliyewahi kuniambia asante, na Bwana Kessler aliniaga kwa saa ya ukutani isiyotembea. Nikatoa gauni langu la kijani kwenye sanduku, nikaandaa hotuba ya kurasa nne kuhusu alama ya mkato.

Ukumbi wa zimamoto ulijaa. Tulikula pierogi, sambusa za kuchemshwa zilizojazwa viazi, nikaketishwa meza ya mbele, Hedwig kando yangu na fimbo yake. Bwana Trumbull akapanda jukwaani.

"Mabibi na mabwana," akasema, "kama macho ya mama huyu yasingechoka, nusu yetu humu ndani tusingekuwa na cha kukusanya!"

Wakasimama wote. Wakapiga makofi na miguu. Mtu mmoja akapaza sauti, "Asante kwa yule mzimu, mama!" Na mimi nilikuwa nimekwisha simama, kurasa nne mkononi. Nikacheka pamoja nao, kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu. Hedwig hakucheka. Alinishika mkono chini ya meza, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya baba.

Kisha nikakabidhiwa tuzo, ubao uliochongwa: VERNA DOMBROWAIK.

"Bwana Trumbull," nikamwambia kwa upole, "jina langu limekosewa."

Ukumbi mzima ukarefusha shingo kuusoma ubao. Halafu ukalipuka kwa shangwe ambayo sijaisikia tangu vita vilipokwisha. Bwana mmoja kutoka Buffalo aliruka kiti akanijia. "Mama, usiwape walirekebishe! Nipe huo ubao nikupe jokofu, bado jipya!" Nilipoomba ubao urudishwe kwa fundi, Bwana Trumbull alinitazama kama niliyeomba kumchoma mtoto moto. Hotuba yangu sikuisoma.

4. Hakuna kati yenu aliyeniuliza nilikamata makosa mangapi. Mwaka 1961 nilisimamisha mtambo kwa sababu ya kadi moja iliyomwita mchezaji marehemu ilhali yuko hai, anacheza, na mama yake ananunua kila pakiti dukani kwao akimtafuta. Bwana Kessler alinifokea kwa saa nzima iliyopotea. Mama yule hakujua, wala hatajua. Kosa nililolizuia halipo, na kisichokuwepo hakina fremu. Mnanijua kwa yale tu yaliyoniponyoka. Ni kama kumkumbuka daktari kwa wagonjwa waliokufa.

5. Na kwa kuwa tumefika kwa madaktari: nimebandika tangazo kwenye duka la nyama, nikiwaomba wote waliong'olewa na Dkt. Ostrander jino lisilo lenyewe waniletee. Nakusudia kuanzisha mkusanyiko. Hadi leo nimepata mawili. La Bi. Gertler ni zima kabisa, halina hata tundu, na nimeliweka juu ya pamba. Daktari alinipigia simu akilalamika kwamba namdhalilisha kwa mambo yaliyopita. Nikamwambia ni heshima kubwa, na kwamba namtafutia ukumbi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, mambo yafuatayo. Wanachama wote wanitumie kwa posta kila kadi yenye kosa iliyotoka kwa Kessler, niisahihishe kwa wino mwekundu na kuirudisha ndani ya wiki mbili. Atakayekataa alazimike kukusanya kadi sahihi elfu kumi kwa kila kadi mbovu aliyonayo, na kuzitazama moja moja kwa kikoleo. Bwana Trumbull aje na gundi. Na jarida lako lichape ukurasa mmoja usio na kosa lolote, kwa ukumbusho wa wote tuliofanya kazi ile. Toleo la Februari nimelisoma. Nimelizungushia mahali kumi na tisa na ninaliambatanisha.

Ieleweke pia, kwa maandishi, kwamba katika miaka thelathini na mmoja sikupitisha kosa hata moja huku nikiliona.

Nisalimie wahariri wenzako, mpiga chapa wako ambaye namhurumia, bwana wa Buffalo na jokofu lake, na mkeo, ambaye bila shaka amekwisha zoea kukanyaga kwa uangalifu. Hedwig anawasalimu wote, ila Trumbull.

Ni mimi, nikiandikwa ipasavyo,

Verna Dombrowiak

N.B. Nilikuwa nimekwisha lamba bahasha. Nimeifungua kwa mvuke, maana sentensi ile ya kutopitisha kosa hata moja huku nikiliona si kweli, na mimi sitoi karatasi nikijua ina uongo.

Mwaka 1958 alikuja kiwandani mchezaji kijana kutoka Nebraska kutia saini mkataba wa kadi yake, Orrin Sabatka, amevaa koti la baba yake, mikono imemfika vidoleni. Aliniuliza, "Dada, kweli itakuwa na jina langu?" Nikamwambia, "Itakuwa nalo." Karatasi ya majaribio ilipofika iliandikwa Sabakta. Niliiona mara moja. Lakini siku hiyo tulikuwa tumechelewa, na Bwana Kessler alikuwa ametangaza kwamba kadi yoyote itakayorudishwa kusahihishwa itaondolewa, nafasi yake ijazwe na nyota fulani mara ya pili. Niliweka kalamu nyekundu chini, nikatia tiki. Alicheza michezo kumi na mmoja, akarudishwa kwao, na kadi yake haikuchapwa tena. Hiyo ndiyo kadi pekee aliyowahi kuwa nayo duniani, na kama ningefanya kazi yangu asingekuwa nayo.

Sikuchukua hata moja siku ile, niliogopa. Basi kama kuna msomaji wako mwenye Sabakta, tafadhali aniandikie. Hata kipande kilichochanika kitanitosha, mradi kiwe cha upande wa uso. Jina lake ninajua linavyoandikwa.